Mota ya Waipa

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kupambana na ndege. Tuna mtego, tanzi, tundu, ulimbo, manati, kombeo. Tuna hata kitenzi kizima kwa kazi ya kuwafukuza: kuamia. Bibi yangu mzaa mama alilima mpunga bonde la Kilombero, na kila mpunga ulipoanza kujaza maziwa, sisi wajukuu tulipandishwa kwenye dungu kuamia kwelea kwelea. Unakaa pale tangu alfajiri, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unapayuka mpaka sauti inakauka. Jioni unashuka masikio yanavuma. Nilidhani kati ya mkulima na ndege hakuna jambo lingine zaidi ya hilo: wewe unafukuza, yeye anarudi.

Lakini yule ndege wa uongo, anayewekwa shambani ili ndege wa kweli wamwone na kushuka, sikuwa na jina lake. Chambo? Chambo huliwa. Sanamu? Sanamu inasimama tu, haimdanganyi mtu. Nimezoea kusema "njiwa wa chambo" kwa kukosa bora, na msomaji ambaye kwao kuna neno lake aniletee, nitamshukuru. Nalihitaji, maana kwa miaka miwili sasa nimekuwa natengeneza njiwa hao, wa mota, tena Uingereza.

Mimi ni mhudumu wa wazee. Nilikuja mwaka 2023 kwa viza ya kazi ya uuguzi na utunzaji, nikapangiwa vijiji vya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, mahali ambapo ardhi imelala tambarare kama chapati na shamba moja linaweza kuchukua muda wa wimbo mzima wa redio kulipita kwa gari. Mmoja wa wazee wangu ana ugonjwa wa Parkinson. Nilianza kumwita Babu kwa mazoea ya nyumbani, akauliza maana yake, nikamwambia, akaridhika nalo kuliko "Mister".

Babu alikuwa mwinda njiwa. Si mwinda wa kupiga picha na mizoga, hapana. Wakulima wa jirani walimwita njiwa walipovamia mazao, naye akaenda, maisha yake yote. Mikono ilipoanza kutetemeka alirudisha mwenyewe bunduki zake za marisau pamoja na kibali cha polisi, kabla mtu hajamwambia. Sasa anayepiga ni mjukuu wake. Babu akabaki na banda nyuma ya nyumba: jiliwa, msumeno, makopo ya nati yaliyopangwa kwa ukubwa, na mashine moja ya kuzungusha njiwa iliyokufa mota. Alikuwa hawezi tena hata kufunga nati. Siku moja wakati namvalisha soksi akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia ni fundi umeme wa magari, ana gereji karibu na Msamvu, Morogoro, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kwa hiyo waipa unaijua."

Basi siku yangu ya mapumziko nikaenda bandani.

Kwanza nieleze njiwa mwenyewe, maana si hawa tunaowafuga kwenye vibanda. Ni njiwa mkubwa wa mwituni, kijivu, kifua cha rangi ya zambarau iliyopauka, ana uzito wa karibu nusu kilo. Shingoni ana baka jeupe, na kwenye kila bawa ana mstari mweupe ambao akikaa huuoni. Akiruka ndipo unamulika. Uingereza wapo zaidi ya jozi milioni 5 wanaozaliana. Wamenawiri zaidi tangu wakulima wa huku walipoanza, kuanzia miaka ya 1970, kulima kwa wingi rapa, mmea wa jamii ya kabichi wenye maua ya njano ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Rapa hupandwa mwishoni mwa kiangazi na kukaa kijani shambani majira yote ya baridi, wakati chakula kingine hakuna. Kwa njiwa ni kama kufunguliwa ghala. Kundi la mamia likishuka mwezi wa pili, asubuhi unakuta majani yamebaki mifupa mitupu.

Wakulima nao wanaamia. Wana mizinga ya gesi inayolipuka kila baada ya dakika kadhaa, wana vishada vya umbo la mwewe, wana sanamu za watu. Njiwa anasoma mchezo kwa siku chache, kisha anakula akiwa amekaa kando ya mzinga wenyewe. Hapo ndipo wanaitwa watu wa aina ya Babu.

Kinachofanya kazi yao iwezekane ni methali yetu wenyewe: ndege wafananao huruka pamoja. Njiwa akiwa juu hatafuti chakula moja kwa moja. Anatafuta njiwa wenzake waliokwisha kukipata, kwa sababu mwenzake aliyeinamisha kichwa shambani amempunguzia kazi mbili: ameshapata chakula, na ameshahakikisha hakuna hatari. Kwa hiyo mwindaji hutandaza njiwa bandia, au waliokufa, kama ishirini hivi, kwa umbo la kiatu cha farasi, vichwa vikielekea upepo unakotoka, na katikati anaacha uwazi. Ndege hutua akikabili upepo. Ule uwazi ni kiwanja cha kutulia. Mwindaji yuko nyuma ya wavu, hatua ishirini na kitu.

Sasa, njiwa waliolala tu hawaonekani kutoka mbali. Kinachoonekana kilomita nzima ni ule mmuliko mweupe wa mabawa ya anayeshuka. Ndiyo sababu ya mota. Waingereza wanaiita mashine hiyo sumaku. Ni nguzo iliyochomekwa ardhini, juu yake mota, juu ya mota mikono miwili mirefu, na mwisho wa kila mkono njiwa aliyefunguliwa mabawa. Inazunguka. Kwa anayetazama toka juu ni njiwa wawili wanaoelea wakitafuta pa kutua. Madukani inauzwa tayari. Lakini Babu ni wa kizazi ambacho hununua nati tu.

Mota ya waipa inafaa kuliko zote kwa sababu tatu, na baba yangu angezitaja bila kufikiri. Inatumia volti 12, yaani betri yoyote ya gari au ya pikipiki inatosha. Ndani ina gia ya parafujo, kwa hiyo inazunguka taratibu lakini kwa nguvu, hata upepo ukiisukuma. Na kwenye magari chakavu imejaa tele. Nilipata moja kwa bei ya soda mbili. Ilikuwa na kaboni tatu: moja ya pamoja, moja ya mwendo mdogo, moja ya mwendo mkubwa. Waya zilizobaki ni za ile swichi inayorudisha waipa mahali pake ukizima, na hizo nilizikata, maana njiwa hana kioo cha kurudi kulala.

Shida ni kwamba hata mwendo mdogo ni mkubwa. Mota yangu nilipoihesabu ilikuwa inapiga mizunguko kama 45 kwa dakika. Mkono wa mita moja na nusu ukizunguka mara moja, ndege wa mwisho wake amesafiri zaidi ya mita 9. Zidisha: ni karibu mita 7 kila sekunde. Njiwa anayetaka kutua hapigi mbio hivyo, anayepiga mbio hivyo anakimbia kitu. Nikaongeza kidhibiti mwendo, kile kisanduku kidogo kinachokata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, badala ya kuweka rezista ambayo ingechoma betri kwa joto la bure. Nikashusha mpaka mizunguko kama 20. Hapo ndege wanaelea.

Faida nyingine ya kidhibiti nilipewa na baba kwenye simu. Nilimwonyesha kwa video, akacheka mpaka akakohoa. "Yaani huko watu wazima wanatengeneza mashine ya kumdanganya njiwa?" Halafu ufundi ukamshika. Akasema mota ikiwashwa kwa kishindo itawarusha hao ndege wako. "Anzia sifuri, upandishe pole pole. Kama unamwamsha mgonjwa." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mikono nilitumia fimbo za faiba, si chuma. Chuma kikipinda kimepinda, faiba inayumba, na ule kuyumba unampandisha na kumshusha ndege kidogo kama anayepigana na upepo. Mkono mmoja niliupa urefu zaidi ya mwenzake kwa upana wa viganja viwili, ili wale ndege wasifuatane kama watoto kwenye bembea ya kuzunguka. Fyuzi nikaweka, kwa heshima ya baba. Betri tuliyokuwa nayo kwanza ilikuwa ya saa-ampea 7, haikufika mchana. Tukahamia ya 17.

Babu alikaa kwenye kiti na blanketi magotini akitoa maelekezo. Yale ya waya aliniachia. Ya ndege hakuniachia hata kidogo. Ndege aliyekufa usimwache amelala chali, akasema, tumbo jeupe linawaambia kila kitu. Kichwa kiinuliwe kwa kijiti. Jicho lifungwe. Manyoya yaliyotapakaa yaokotwe. Binti yake alilalamika kuhusu friza, ambamo njiwa wa kazi walikaa chini ya mbaazi na aiskrimu.

Tulikwenda shambani mwezi wa pili, siku ya upepo. Mjukuu alikaa na bunduki, sisi wawili nyuma yake chini ya wavu, Babu kajifunika mablanketi kama gunia la viazi. Nikageuza kitufe kutoka sifuri. Mikono ikaanza kuzunguka. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha Babu, ambaye macho yake hayatetemeki, akasema kwa sauti ya chini, "Yule." Nilimtafuta nisimwone. Alikuwa nukta juu ya miti. Ile nukta ikapinda. Sijui niseme nini zaidi: ikapinda, ikaacha safari yake, ikaja kwetu. Alikuja moja kwa moja mpaka nikaona baka la shingoni. Akafunga mabawa kidogo, akateremsha miguu. Aliamini.

Sitasema nilifurahi wala sitasema nililia. Nilitazama miguu ile miwili myekundu iliyoteremshwa kutafuta ardhi. Wale njiwa tulikula. Kifua cha njiwa kikikaangwa na kitunguu na pilipili manga hakina mpinzani, nikampikia Babu na nazi akaomba tena. Mkulima aliokoa upande ule wa shamba. Hayo yote ni kweli. Na miguu ile ni kweli pia.

Babu ana rafu ya vitabu vya njiwa, nami nimevisoma vyote, maana zamu za usiku ni ndefu. Kimojawapo ni cha Archie Coats, mwinda njiwa wa kulipwa aliyesifika sana huku, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliangusha njiwa 550 kwa siku moja. Kingine ni "The Wood-Pigeon" cha R. K. Murton, cha mwaka 1965. Murton alikuwa mwanasayansi wa serikali. Enzi zile serikali ilisaidia kulipia risasi ili wakulima wapunguze njiwa, naye akakaa Cambridgeshire miaka kwa miaka akihesabu. Alichokiona ni kwamba risasi za majira ya baridi hazikupunguza njiwa wa mwaka unaofuata. Idadi iliamuliwa na chakula. Waliopigwa walikuwa wanachukua nafasi ya wale ambao njaa ingewaua. Nilimuuliza Babu kuhusu hilo. Akasema, "Murton alihesabu njiwa. Mimi nalinda shamba hili, wiki hii." Naona wote wawili wanasema kweli, na bibi yangu angekuwa upande wa Babu: kwelea anayefukuzwa kwako ni wa jirani kesho, lakini leo mpunga wako umesimama.

Sheria nayo ina yake. Njiwa huyu hapigwi kiholela. Kuna leseni ya jumla yenye masharti, na mwezi wa nne mwaka 2019 leseni hizo zilifutwa ghafla baada ya wanaharakati wa ndege kuzipinga kisheria, mpaka zikaandikwa upya. Babu bado akilikumbuka anapandisha presha. Ila kuna kifungu kimoja ambacho yeye na wanaharakati wanakubaliana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kutumia ndege hai aliyefungwa, kipofu au aliyejeruhiwa kuwaita wenzake. Unaweza kutumia plastiki. Unaweza kutumia mfu. Aliye hai hapana.

Ilibidi ikatazwe kwa sababu ilifanywa. Wamarekani, wakati wa kuwamaliza njiwa wao wahamaji, ambao wa mwisho alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914, walikuwa wakimshona njiwa hai macho, wakamfunga kwenye kigoda cha kupandishwa na kushushwa, ili apigepige mabawa kama anayetua. Kundi likaona, likashuka, wavu ukafunga. Kwa Kiingereza mpaka leo "njiwa wa kigoda" ni mtu anayetumiwa kuwakamatisha wenzake.

Nilikuwa nimesoma hayo wiki ileile simu ilipokuja.

Alikuwa wakala, Mtanzania mwenzetu, ana ofisi ya watu wawili na namba nyingi za simu. Alipata jina langu kwa mtu wa kanisani. Alikuwa mpole sana, ananiita "dada yangu". Alitaka video ya dakika mbili: mimi na sare ya kazi, nyumba nzuri nyuma, gari, kama kuna theluji vizuri zaidi. Niseme jina langu, nilikotoka, na kwamba nimefika. Basi. Nisitaje malipo, nisitaje masaa. Angenilipa kwa kila atakayejiandikisha. Waombaji wangelipa kwanza, milioni nyingi, halafu wangesubiri cheti cha mwajiri. Kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi ni kosa kwa sheria za Uingereza, na alijua, ndiyo maana pesa zingepokelewa nyumbani. Nikamwuliza kazi zenyewe ziko wapi. Akasema, "Wewe dada toa video tu, hayo mengine ni ya kwetu."

Niliona kiwanja kizima. Kiatu cha farasi, uwazi katikati, upepo unakotoka. Nilijua hata pale pangu: mwisho wa fimbo ndefu. Nikamwambia hapana, nikakata simu.

Ingeishia hapo isingekuwa habari. Lakini mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa tayari kwenye orodha ya mtu huyo. Alikuwa amepatana bei ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, na fedha iliyopungua angekopa vikoba. Alikuwa ananiambia kwa furaha, kama mtu anayekuja kukaa kwangu. Nilimrekodia ujumbe wa sauti wa dakika nane. Nikamweleza kila kitu, na kwa sababu sikuwa na mfano mwingine kichwani, nikamweleza njiwa. Nikamwambia yule unayemwona anakula, mdogo wangu, hakikisha kwanza kama kichwa hakijainuliwa kwa kijiti.

Alinijibu kwa mstari mmoja: "Dada, wewe umeshavuka, sasa unatoa ngazi."

Hakusema nami miezi mitano. Mama mdogo naye akawa anapokea simu yangu kwa salamu fupi. Kiwanja hakikuuzwa, kwa hasira tu, nadhani, si kwa kunikubali. Tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza ikafunga mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje, na nilijua jinsi habari ile ingesomeka sebuleni kwa mama mdogo: mlango ulikuwepo, dada akatuzuia, sasa umefungwa. Siwezi kumthibitishia mtu jambo ambalo halikumpata. Ndege aliyepita juu bila kushuka hana kovu la kuonyesha.

Nimefikiria sana picha zetu sisi tulioko nje. Hakuna wakala anayetuambia tuziweke. Unapiga moja pembeni ya gari la jirani, moja kwenye duka la nguo ambazo hukununua, mabawa wazi, ule mstari mweupe unamulika, na kule nyumbani mtu anapinda safari yake. Hakuna aliyesema uongo. Lakini nimekaa nyuma ya wavu, najua inaonekanaje kutoka juu.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniandikia. Hakutaja ya nyuma. Aliomba tu picha: "nikuone upo kazini". Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, niko kwenye gari nje ya nyumba ya mteja wa kwanza, giza, kioo kimejaa barafu na waipa zimegandia hapohapo. Nilipiga vile vile, taa ya ndani ikiwa imewaka, macho mekundu, sare ina doa la uji wa jana. Nikaituma, na chini yake nikaandika nitakachotoza kwa saa ile, makato, kodi ya chumba, na kinachobaki.

Akajibu, "Kumbe." Baada ya muda akaongeza, "Ule mota uliomtengenezea yule mzee, mtu anaweza kuutumia kufukuza ndege badala ya kuwaita? Bibi anauliza, mpunga umeanza kuweka maziwa."

Nimeshaongea na Babu. Anasema zipo habari kwamba njiwa akikutana ardhini na mabawa yaliyofunguliwa bila kusogea, ule weupe humtisha badala ya kumvuta. Wataalamu wa huku waliwahi kujaribu. Kwelea ni mambo mengine, hana mstari mweupe. Tunafikiria vipande vya bati linalong'aa kwenye mikono, mwendo mkubwa safari hii, ile kaboni ya tatu tuliyokuwa hatuitumii. Baba ametafuta mota ya waipa Msamvu. Mdogo wangu ndiye atakayeipeleka Ifakara.